BOTI ILIYOLALA MUDA MREFU USIIKURUPUSHE!

Masika yakikatika hapa Dar, watoto wa mjini wazo letu linakuwa moja tu: Mbudya au Bongoyo, samaki wa kukaanga na muziki kidogo. Boti zilizolala nchi kavu miezi mitatu minne zinavutwa mbio mbio majini. Balaa linaanzia hapo, msomaji wangu.

Leo sizungumzii zile mashine za kupachika. Nazungumzia boti za kishua, injini imekaa ndani kama ya gari, nje kuna mguu wenye gia na propela. Volvo Penta waliuingiza mtindo huu sokoni mwaka 1959, wengine wakafuata.

Ubaya wake ni kwamba nyuma ya boti kuna tundu. Shafti inapita hapo, na kinachozuia bahari isiingie ni mpira wenye mikunjo mikunjo. Ukikaa juani muda mrefu unapasuka. Jioni umeiacha boti inaelea, asubuhi unaikuta chini! Kwa hiyo piga magoti, tanua mikunjo kwa vidole, kagua. Ukiona ufa badilisha mpira, achana na mambo ya gundi. Na ukiihifadhi tena, shusha mguu chini kabisa ili mpira usivutike.

Halafu oili ya gia. Fungua skrubu ya chini, tazama rangi. Ikiwa kama chai ya maziwa, ujue maji yameingia, sili zimekwisha. Oili mpya inasukumwa kutoka tundu la chini mpaka itokeze la juu, la sivyo hewa inabaki ndani.

Pampu ya maji nayo ina kigurudumu cha mpira chenye mabawa. Yakijikunja muda mrefu hayanyooki tena, weka kipya. Na jamani, msiwashe injini pakavu eti "kusikilizia mlio". Mpira unaungua kwa sekunde chache. Kuna vikombe viwili vya mpira vinavyobana mguu kama hedifoni. Unganisha na bomba la maji, ndipo uwashe.

Vipande vya zinki vinaliwa na chumvi ili mguu usiliwe. Vikibaki nusu, badilisha, na usivipake rangi.

Sasa linaloua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini kwenye chumba cha injini ukisubiri cheche moja tu. Fungua mfuniko, nusa, washa feni ya kutoa hewa dakika nne nzima, ndipo uguse swichi. Jamaa akikuharakisha, mwambie aende kwa miguu.

Majini, anza mguu ukiwa umeingizwa ndani. Boti ikishanyanyuka na kuteleza, utoe polepole mpaka usukani uwe mwepesi. Pua ikirukaruka, umezidisha. Usukani ukivuta kulia, boti nyingi zina kipezi kidogo juu ya propela: legeza boliti, mkia wake usogeze kulia kidogo. Ukikata kona ukasikia mngurumo nyuma, beringi imeliwa na chumvi. Geuza, rudi nchi kavu.

Mimi nikialikwa visiwani siulizi kuna bia ngapi. Nauliza mpira umekaguliwa lini. Washikaji wananiita mnoko. Poa tu, lakini katikati ya Msasani na Mbudya hakuna gereji, wala hakuna daladala.

Tukutane wiki ijayo!