Mkeka wa Simu na Fedha ya Nyumbani

Zamani mcheza kamari alisafiri hadi mjini. Leo kijana wa Nemba, Biharamulo, hubashiri mechi za Uingereza akiwa shambani, kwa simu ileile anayolipia ada ya mtoto. Biashara hiyo ni halali: Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi inayotoa leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Je, kubashiri ni dhambi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, haiuhesabu mchezo wa bahati wenyewe kuwa kosa. Huwa kosa unapomnyima mtu riziki yake na ya wanaomtegemea. Nayo yaonya kwamba tamaa ya kamari yaweza kumtia mtu utumwani.

Hivyo twawasihi wazazi waujue mkeka unavyofanya kazi. Tuseme matokeo mawili yana nafasi sawa, na kampuni hulipa mara 1.8 ya dau. Kwa wastani, kila shilingi 1,000 hurudisha 900. Unganisha mechi tano za namna hiyo: wastani hushuka hadi shilingi 590 hivi, na mikeka 31 kati ya 32 huchanika. (Jirani hutuonyesha ule mmoja tu.)

Fedha ya mahindi iliyotengwa kwa sare na matibabu ni ya mke na watoto pia. Aliyekwisha kunaswa asimfiche mwenzi wake. Amkabidhi akiba ya familia aitunze, kisha amwendee padre.