OKOA MAFUTA, LAKINI USITOE GIA MTEREMKONI

Mafuta ya magari yetu hutoka mbali. Kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Ngara ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwa hiyo kila lita ni mali.

Madereva wengine huokoa mafuta kwa njia ya hatari. Wakifika mteremkoni hutoa gia, gari likaserereka lenyewe. Usifanye hivyo! Gari lisilo ndani ya gia huzuiwa na breki peke yake. Breki zikipata moto sana hazishiki. Watu hufa. Tena magari mengi ya siku hizi hujikatia mafuta yakiteremka ndani ya gia, dereva akiondoa mguu.

Njia salama ni hizi:

1. Ondoka polepole. Usikimbize gari. Ukizidisha mwendo, upepo hulizuia zaidi nalo hula mafuta zaidi.

2. Jaza matairi upepo wa kutosha. Tairi laini ni zito kuvuta.

3. Safisha chujio la hewa. Vumbi la barabarani huliziba. Dizeli ikikosa hewa hutoa moshi mweusi na mafuta hupotea.

4. Ondoa keria ya juu kama hakuna mzigo.

5. Ukingoja abiria, zima injini.

Kama kijiji kina gari, andikeni lita na kilomita kila safari. Lita zikiongezeka kwa safari ile ile, tafuteni sababu.

Haba na haba hujaza kibaba. Mafuta unayookoa leo huenda yakampeleka mgonjwa hospitali kesho.