Dawa Mbili Ndani ya Molekuli Moja

Msomaji wa Afrika Mashariki ameizoea dawa mseto ya malaria, iliyoanza kutumika Tanzania Bara mwaka 2006, ambamo dawa mbili hukaa katika kidonge kimoja bila ya kuungana. Walakini wakemia wa Riyadh na Jeddah, nchini Saudia, wanakusudia jambo zito zaidi, nalo ni kuzifunga sehemu za dawa mbalimbali katika molekuli moja, zisafiri pamoja damuni na kufika pamoja.

Katika Chuo Kikuu cha Mfalme Saud, kilichoasisiwa Riyadh mwaka 1957, kazi hiyo mara nyingi huanza na isatini, fuwele nyekundu zenye kuelekea rangi ya chungwa, ambazo wakemia wa Ulaya walizipata kwanza katika karne ya 19 kutokana na nili, rangi ile ile ya kutilia nguo. Isatini hupashwa moto ndani ya pombe pamoja na prolini, ambayo ni asidi amino; viwili hivyo vikishikana hutoa maji, kisha kaboni dioksidi, na kinachosalia, kwa kuwa hakiwezi kudumu peke yake, hudaka papo hapo molekuli ya tatu, chalkoni, ambayo mkemia ameshaitia kipande cha dawa akitakacho. Hapo huzaliwa spiroksindoli, yaani pete mbili zenye kushirikiana atomu moja ya kaboni, moja imelala na nyingine imesimama juu yake.

Umbo hilo lina hikima yake. Ndani ya seli mna protini iitwayo MDM2 ambayo huikamata p53, mlinzi wa seli dhidi ya saratani aliyegunduliwa mwaka 1979, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mwaka 2005 ya kuwa spiroksindoli huweza kuziba pahala pa kukamatia, mlinzi akaachiwa.

Jeddah nako, katika Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz kilichoasisiwa mwaka 1967, molekuli za aina hii huundwa na kupimwa. Seli za saratani hutiwa katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kisha molekuli, kisha rangi ya manjano. Seli iliyo hai huigeuza zambarau, na kishimo kilichobaki manjano humfurahisha mtafiti. Nawasihi waandishi wenzangu wasikimbilie hapo kutangaza tiba, maana sumu yoyote huua seli sahanini. Ndiyo sababu molekuli hiyo hiyo hujaribiwa pia juu ya seli zenye afya, na nyingi zilizoundwa kwa juhudi kubwa huangukia hapo, zikamrudisha mkemia kwenye chalkoni yake, aondoe klorini, atie bromini, na kuanza upya.