Chawa wa Kuku Hahamii Kichwani mwa Mtoto

Katika wadi ya Jomvu Kuu, kama ilivyo sehemu nyingi za Mombasa bara, kuku, mbuzi na paka huishi ua mmoja na watu. Mtoto akianza kujikuna kichwa, lawama huenda kwa mifugo. Wapo wanaofikia hata kumpaka mtoto dawa ya kupe au mafuta ya taa, na hatari yake ni kubwa kuliko ya chawa wenyewe.

Je, chawa wa mnyama huweza kumwingia mtu?

Hapana. Kila aina ya chawa ina mwenyeji wake. Chawa wa kichwa ana makucha yanayoshika unywele wa binadamu, na chakula chake ni damu ya binadamu. Akidondoka, hufa baada ya siku moja au mbili. Chawa wa kuku hula manyoya na magamba ya ngozi. Anaweza kutambaa mkononi mwa anayemnyonyoa kuku, lakini hawezi kukaa wala kuzaana kwenye nywele za mtu. Vilevile, mtoto mwenye chawa hamwambukizi paka.

Chawa wa kichwa hutoka wapi?

Kwa mtu mwingine, hasa vichwa vinapogusana katika michezo au kulala kitanda kimoja, na mara nyingine kwa kuazimana kitana, kofia au mtandio. Hata nywele safi hupata chawa, kwa hiyo mtoto asiaibishwe.

Wadudu gani hutoka kwa wanyama?

Viroboto wa paka na mbwa huuma watu, hasa miguuni. Utitiri wa kuku huuma wanaolala karibu na banda. Upele wa mbwa huweza kumwasha mtu kwa muda. Funza huingia miguuni mwa watu, mbwa na mbuzi pia.

Kwa hiyo, mayai meupe yaliyoganda kwenye nywele, nyuma ya masikio na kisogoni, ni ya chawa wa binadamu. Alama za kuumwa miguuni au mwilini zinataka banda na wanyama wakaguliwe.

La kufanya

• Chana nywele zilizolowa kwa kitana chenye meno membamba, na kagua kila aliye nyumbani.
• Tumia dawa ya chawa kutoka duka la dawa kwa kufuata maelezo yake. Dawa nyingi hurudiwa baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu mayai yaliyosalia huanguliwa.
• Fua mashuka na mitandio kwa maji ya moto.
• Safisha banda, na umuone afisa wa mifugo kuhusu dawa ya wanyama.

Mtoto aliyekwisha kupakwa dawa ya mifugo aoshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha apelekwe kituo cha afya kilicho karibu pamoja na chupa ya dawa hiyo.