Mimba ikiharibika, mshtakiwa ni paka

Kwetu Mkokotoni mwanamke akishika mimba watu hawakawii kumuonya kuhusu paka. Usimpakate, usilale naye, bora umtoe kabisa. Mwaka jana ndugu yangu mmoja wa kike aliharibikiwa na mimba ya miezi minne, na wiki haijesha paka wake akatiwa guniani akaenda kutupwa mbali. Hakuna kipimo kilichofanywa, ila kila anayekuja kumpa pole anaongeza, "si tulikwambia?" Nasomea ualimu wa Baiolojia, na neno hilo limeniudhi, kwa sababu onyo lenyewe lina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba limeelekezwa sipo.

Kimelea chenyewe kinaitwa Toxoplasma gondii. Kinaweza kuishi ndani ya karibu kila mnyama mwenye damu moto, sisi tukiwemo, lakini ni ndani ya paka na jamaa zake wa porini tu ndimo kinamozaana na kutoa mayai yanayotoka na choo. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi.

Sasa, paka kwa kawaida hutoa mayai hayo kwa wiki 1 hadi 3 tu, pale anapoambukizwa mara ya kwanza. Na yakitoka hayaambukizi papo hapo, yanahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Kwa hiyo kumpapasa paka si hatari kubwa. Hatari ni mchanga. Paka anachimba, anafukia, anakwenda zake, na mayai yanabaki hai kwenye udongo wenye unyevu kwa miezi, hata mwaka na zaidi. Fikiria fungu la mchanga wa ujenzi nje ya nyumba, au kitalu cha mchicha. Utamtoa paka wako wa ndani, na paka wa mtaa mzima wataendelea kuja bustanini kama kawaida. Mjamzito anayelima avae glavu, anawe mikono kwa sabuni, aoshe mchicha na tungule za kachumbari vizuri, na maji ya kisima yachemshwe.

Njia ya pili hata hatuitaji: nyama. Mbuzi na kondoo wanaokula majani yenye mayai hayo hubeba vimelea ndani ya misuli. Utafiti wa miji 6 ya Ulaya, uliotoka mwaka 2000, ulikuta nyama isiyoiva ndiyo iliyochangia zaidi maambukizi ya wajawazito, udongo ukafuatia, na kuishi na paka hakukuonekana kuwa sababu. Sisi si Ulaya, najua. Lakini mshikaki ulioungua nje na ndani bado mwekundu ni uleule popote.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni wakati. Aliyeambukizwa zamani, kabla ya mimba, kwa kawaida ana kinga, na mtoto yuko salama (wenye kinga dhaifu, kama ya VVU, wana hesabu yao). Mwanza, utafiti uliochapishwa 2013 ulipima wajawazito 350 na kukuta takriban 31 kwa 100 wameshakutana na kimelea. Wenye wasiwasi wa kweli ni wale wanaokipata kwa mara ya kwanza wakiwa tayari na mimba. Katika miezi 3 ya mwanzo ni mara chache kinapita kwenye kondo la nyuma, kiasi cha 10 hadi 15 kwa 100, lakini kikipita madhara ni makubwa: mimba kutoka, maji kujaa kichwani, macho kuharibika. Miezi ya mwisho kinapita zaidi ya nusu ya mara, na mtoto mara nyingi huzaliwa haoneshi dalili, kisha macho yakamsumbua ukubwani.

Mama mwenyewe aghalabu hasikii kitu, au homa ndogo na tezi za shingo tu. Kwenye kliniki zetu za wajawazito hupimwa damu, VVU, kaswende na malaria. Hiki hakimo kwenye vipimo vya kawaida, kwa hiyo mwenye dalili au aliyeharibikiwa na mimba inabidi akiulizie mwenyewe kwa daktari. Na jibu moja la "ameambukizwa" halitoshi. Kuna alama za damu zinazokaa miezi mingi baada ya maambukizi, ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya wiki 2 au 3 kuona kama kiwango kinapanda.