Mvua Ilinyesha Lini?



Siku moja nilisimama mbele ya wakulima wa kijiji kimoja karibu na Ifakara. Mkononi nilikuwa na karatasi yenye hesabu za mvua. Niliwaambia kwa furaha kwamba mwaka ule mvua haikupungua. Jumla yake ilikuwa sawa na ya miaka ya nyuma.

Mama mmoja aliyekaa nyuma alinyosha mkono. Akauliza, "Bwana Shamba, hiyo mvua yako ilinyesha lini?"

Watu walicheka. Mimi nilikosa jibu. Mama yule alikuwa amepanda mpunga mara mbili. Mbegu ya kwanza iliota, ikakaukia ardhini mwezi wa Desemba. Mbegu ya pili aliinunua kwa mkopo. Hiyo nayo ilifunikwa na maji mwezi wa Machi. Hakuvuna hata gunia moja, na deni lilimngoja nyumbani. Karatasi yangu ilisema mvua ilitosha.

Karatasi haikusema uongo. Mimi ndiye sikuisoma vizuri. Siku hizi picha za mvua na joto zinaonyeshwa kila mahali: katika mikutano, ofisi za kata na simu za vijana wetu. Wataalamu huziita grafu. Mkulima asiyejua kuzisoma atamtegemea mtu mwingine amsomee, na mtu huyo anaweza kukosea kama nilivyokosea mimi.

PUNJE 62 ZA MAHINDI

Hebu tutengeneze picha yetu wenyewe. Huhitaji kalamu. Tafuta punje 124 za mahindi, na mahali ambapo kuku hawafiki.

Chora mstari mmoja mrefu ardhini. Huo tuuite mstari wa kulala. Chini yake weka alama saba: Novemba, Desemba, Januari, Februari, Machi, Aprili na Mei. Hiyo ndiyo miezi ya mvua hapa kwetu. Punje moja ya mahindi iwe milimita 20 za mvua. Juu ya kila mwezi panga punje zake kwenda juu, kama fundi anavyopanga matofali.

Milimita 20 ni maji kiasi gani? Mvua ya milimita 1 ikinyesha mahali penye urefu wa mita 1 na upana wa mita 1, ni lita 1 ya maji. Katika ekari moja ni zaidi ya lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Kwa hiyo kila punje unayoiweka ni mapipa 400 ya maji katika kila ekari. Si jambo dogo.

Sasa panga mwaka wa kwanza. Huu ni mfano tu wa kujifunzia. Novemba weka punje 3, Desemba 7, Januari 10, Februari 9, Machi 14, Aprili 15, Mei 4. Jumla ni punje 62, ambazo ni milimita 1,240.

Pembeni yake chora mstari mwingine, upange mwaka wa pili. Novemba punje 5, Desemba 2, Januari 5, Februari 3, Machi 23, Aprili 23, Mei 1. Hesabu tena. Jumla ni 62 vilevile.

Simama, utazame picha zote mbili. Ya kwanza inapanda polepole, kisha inashuka. Mpunga uliopandwa mwezi wa Desemba unapata maji mpaka unakomaa. Ya pili ina punje nyingi kidogo mwezi wa Novemba, kisha shimo, kisha minara miwili mirefu. Zile punje 5 za Novemba ndizo zinazomdanganya mkulima. Anaona ardhi imelowa, anamwaga mbegu. Desemba jua linawaka. Akipanda tena Februari, minara ya Machi na Aprili inaukuta mpunga ungali mfupi, na maji yanapita juu ya majani.

Mtu wa karatasi ataandika: mwaka wa kwanza milimita 1,240, mwaka wa pili milimita 1,240. Hapo ndipo nilipoanguka.

Neno jingine linalodanganya ni wastani. Watu wawili wakikaa mezani, mmoja akala sahani mbili za wali na mwingine asile kitu, wastani wao ni sahani moja kila mtu. Lakini mmoja wao amelala na njaa. Ukisikia neno wastani, uliza ni wastani wa miezi gani au miaka mingapi.

Jambo jingine linatuhusu sana sisi wa bondeni. Picha ya mvua ya Ifakara haionyeshi mvua iliyonyesha mlimani. Mto Lumemo unatoka milima ya Udzungwa. Mto unaweza kufurika mjini siku ambayo jua linawaka Ifakara. Usitazame kipimo cha nyumbani peke yake. Tazama na mawingu yaliyolala juu ya Udzungwa, kama wazee wanavyofanya.

PICHA YA JOTO

Picha ya mvua mara nyingi ni ya nguzo. Picha ya joto mara nyingi ni ya mstari mmoja unaopanda na kushuka, kama uzi uliofungwa kwenye misumari. Kila msumari ni mwaka mmoja.

Kabla ya kuutazama uzi, tazama kwanza mstari wa kulala. Umeandikwa miaka mingapi? Kama ni miaka mitatu au minne, picha hiyo haitoshi kukuambia kama dunia inapata joto. Wataalamu wa hali ya hewa hutumia miaka 30 kuwa kipimo chao. Kisha tazama mstari wa kusimama ulio kushoto. Unapima nini, na unaanzia namba gani? Ukianzia 0, mabadiliko ya nyuzi 1 yataonekana kama kichuguu. Ukianzia 24 na kuishia 26, nyuzi hiyo hiyo 1 itaonekana kama mlima. Mchoraji anaweza kukutisha au kukutuliza kwa hila hiyo, kwa hiyo soma namba zilizoandikwa.

Baada ya hapo ndipo ufuate uzi. Mtu anayepanda milima ya Udzungwa hapandi moja kwa moja. Anapanda kilima, anashuka korongo, anapanda tena. Ukimwona akishuka korongoni usiseme ameanza kurudi bondeni. Tazama alikotoka na alipofika jioni. Ndivyo ilivyo kwa joto la dunia. Mwaka mmoja huwa wa baridi kuliko uliopita, lakini safari ni ya kupanda. Katika miaka ya 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto zaidi kwa kama nyuzi 1.1 kuliko miaka ya 1850 hadi 1900. Mwaka 2024 ndio uliokuwa wa joto kuliko yote iliyopimwa mpaka wakati huo.

Nyuzi 1 ni nini, utauliza, wakati mchana peke yake unazidi asubuhi kwa nyuzi nyingi? Fikiri juu ya mwili wako. Mtu mzima mwenye afya ana joto la nyuzi kama 37. Likifika 39 amelala kitandani na nyumba nzima ina wasiwasi. Watu wa Ifakara tunaijua malaria, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Joto hili linatoka wapi? Jua linaipasha ardhi joto, na ardhi inarudisha joto hilo juu. Angani kuna hewa ya ukaa, inayofanya kazi kama blanketi. Blanketi hilo tulilihitaji tangu zamani, bila hilo dunia ingekuwa barafu. Lakini watu wamelizidisha unene kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu. Kisiwani Hawaii, juu ya mlima Mauna Loa, hewa hiyo imepimwa tangu mwaka 1958. Wakati huo zilikuwa kama sehemu 315 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Sasa zimepita 420. Picha yake inafanana na msumeno ulioegemezwa ukutani: ina meno, lakini haiachi kupanda.

Moshi mwingi katika huo ulitoka nchi zenye viwanda vikubwa. Bara zima la Afrika linatoa chini ya sehemu 5 katika kila 100. Mama yule wa mpunga hana gari wala kiwanda. Nasema hivi ili ijulikane, ingawa mbegu yake haitarudi.

JOTO NA MPUNGA WETU

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Kwa kila nyuzi 1 hubeba kama sehemu 7 zaidi katika kila 100. Hewa hiyo hunyonya unyevu wa shamba haraka, na ikimwaga, humwaga kwa nguvu. Ndiyo sababu minara ya mvua inaweza kurefuka, na mashimo katikati yake pia yakaongezeka.

Mpunga wenyewe una wakati wake wa hatari. Maua yake hufunguka asubuhi, kama saa 3 hadi saa 5. Joto likizidi nyuzi 35 saa hizo, hata kwa muda wa saa moja, maua mengi hayashiki mbegu. Suke linasimama wima badala ya kuinama. Ukilipepeta unapata mapepe. Hata joto la usiku lina madhara. Nchini Ufilipino watafiti walilinganisha vipimo vya mwaka 1979 hadi 2003. Usiku ulipozidi joto kwa nyuzi 1, mavuno ya mpunga yalipungua kwa kama sehemu 1 katika kila 10.

Lakini tusilipe joto la dunia makosa yote. Mvua za El Nino zilikuwapo tangu zamani. Zilikuja mwaka 1997 na 1998, zikaja tena mwaka 2023 na 2024. Mwezi wa Aprili 2024 Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kwa sababu ya mvua hizo. Joto la dunia linaziongezea mvua kama hizo maji. Na mkulima aliyelima mpaka ukingoni mwa mto, akakata miti yote, asilaumu Hawaii mto ukihamia shambani kwake.

KABLA YA KUMWAGA MBEGU

Kila mwaka, kabla ya mvua, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu. Sisi wa kusini mwa mkoa wa Morogoro tumo katika kundi la mvua za Novemba hadi Aprili. Usisikilize maneno "juu ya wastani" au "chini ya wastani" peke yake. Hayo yanahusu jumla, na jumla umeshaijua. Sikiliza wiki ya kuanza mvua, wiki ya kwisha, na kama wametaja vipindi virefu vya ukavu. Utabiri nao unaweza kukosea. Ni afadhali kuliko kubahatisha, basi.

Usimwage mbegu yote kwa mvua ya kwanza. Chimba kwa jembe uone unyevu umefika wapi. Vumbi likiwa chini ya tope, ngoja. Gawa mbegu yako: nyingine sasa, nyingine baada ya wiki mbili au tatu. Mwenye kitalu ana nafuu zaidi, kwa sababu miche michache hunyweshwa kwa ndoo Desemba ikiwa kavu, kisha hupandikizwa shambani ikiwa na siku kama 21. Majaruba yenye kingo imara huhifadhi zile punje chache za Januari.

Watu wanapenda Supa kwa harufu na bei yake, nami siwalaumu, hata nyumbani kwangu hupikwa. Lakini Supa hukaa shambani muda mrefu. SARO 5, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2002, hukomaa kwa siku kama 120. Mwenye ekari tatu aweza kuweka moja ya SARO 5, asiweke mbegu ya aina moja katika mbuga yote. Mkiwa na swali la mbegu, nendeni katika kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ifakara, ambacho zamani kiliitwa KATRIN.

Na anza kutengeneza picha ya shamba lako. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, lisilopanuka juu. Lifunge kwenye mti mfupi uliochomekwa mahali pa wazi, mbali na paa na matawi. Kila siku saa 3 asubuhi ingiza rula, soma milimita, andika katika daftari pamoja na tarehe, kisha mwaga maji. Mwanao anayesoma shule aweza kukusaidia. Kama rula yako haianzii 0 pembeni kabisa, ikate hapo kwanza.

Siku ambayo mvua haikunyesha, usiiruke. Andika 0.