Kamba ni timazi ya mzamiaji

Fundi mwashi haliamini jicho lake anapoinua ukuta, huteremsha timazi. Mzamiaji anayeshuka baharini kwa pumzi moja, bila mtungi wa hewa, naye anahitaji timazi yake, yaani kamba iliyoteremshwa wima, kwa sababu akishageuka kichwa chini miguu juu, mwili wake mwenyewe humdanganya.

Nchi kavu tunaijua juu na chini kwa macho, kwa uzito tunaouhisi nyayoni na kwenye misuli, na kwa sikio la ndani. Majini, uzito hautusaidii tena kwa kuwa bahari imetubeba, na macho hukuta buluu ileile kila upande. Hubaki sikio. Ndani yake mna vijiwe vidogo mno vinavyoitikia mvutano wa dunia, na mirija mitatu yenye umajimaji inayohisi kichwa kinapogeuka. Lakini mirija hiyo huhisi badiliko la mwendo tu; mwili ukipinda polepole, haishtuki. Ndiyo maana mzamiaji huweza kuapa kwamba ameshuka wima, kumbe amekwenda mshazari.

Mshazari una gharama. Aliyeinama nyuzi 30 kutoka wima husafiri karibu mita 35 ili afike kina cha mita 30. Mita hizo za ziada hulipiwa kwa oksijeni, naye hana akiba nyingine.

Mara nyingi kosa huanzia kichwani. Mzamiaji hutamani kuona aendako, akainua kidevu. Mgongo hupinda, na mwili hufuata kichwa kama jahazi linavyofuata usukani. Masikio nayo huteseka. Kwenye mita 10 shinikizo huwa mara mbili ya lile la usoni pa bahari, na hewa ya mapafuni husinyaa hadi nusu. Kwenye mita 30 hubaki robo. Hewa hiyo haba ndiyo ya kusukumwa kutoka kooni hadi sikio la kati, tena na tena, ili ngoma ya sikio isipasuke. Shingo iliyonyooshwa kwa nguvu huifanya kazi hiyo kuwa ngumu. Na sikio moja likifunguka kabla ya jingine, kizunguzungu huweza kumvamia.

Hivyo macho yaelekee kwenye kamba iliyo mbele ya uso, si chini, na kidevu kiinamie kifua kidogo. Mita za mwanzo hudai mateke ya nguvu, kwa sababu mapafu yaliyojaa humfanya mzamiaji aelee. Hewa ikishasinyaa, mwili huzama wenyewe. Hapo atulie kama msumari, kwa kuwa mkono uliopanuka au goti lililokunjika hutosha kumpeleka upande. Mwaka 2016, William Trubridge wa New Zealand alishuka mita 102 bila mapezi huko Dean's Blue Hole, Bahamas, akiifuata kamba.

Kwa kijana wa pwani anayetaka kujifunza: tafuta mwalimu, tumia kamba yenye uzito mwishoni, na ukihisi kizunguzungu ishike, utulie, kisha urudi juu. Usipumue haraka haraka kabla ya kuzama, maana huweza kukupotezea fahamu bila onyo. Kamba itakuonyesha njia, lakini haiwezi kukuokoa ukizimia. Usizame kamwe bila mwenzako kukuangalia.